Dawati la Familia: Mwongozo wa Kuwahudumia Wafiwa Baada ya Maafa Makubwa

Meli inapozama, bweni linapoungua au jengo linapoporomoka, kuna watu wanaojua kazi yao: wazamiaji, zimamoto, madaktari, polisi. Anayebaki bila mwenyewe ni yule aliyeachwa nyumbani, anayezunguka hospitali moja hadi nyingine akimtajia kila mlinzi wa geti jina la mwanawe. Mwongozo huu ni wa watakaomhudumia huyo: mwenyekiti wa mtaa, chifu, mwalimu mkuu, imamu, padri, katibu wa kamati ya maafa, mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Si lazima uwe daktari.

Huku kwetu jambo hili si la kufikirika. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa. Spice Islander ikazama karibu na Nungwi, Zanzibar, mwaka 2011, MV Nyerere hatua chache kutoka ufukwe wa Ukara mwaka 2018. Lori la mafuta liliwaka moto Msamvu, Morogoro, mwaka 2019, kama lilivyowahi kuwaka Sachangwan, Kenya, mwaka 2009. Kila mara walijitokeza majirani wenye moyo wa kusaidia, na wengi wao walianza bila kujua waanzie wapi.

Ninachosisitiza tangu mwanzo ni hiki: ukweli uifikie familia kwanza, uifikie kwa saa inayojulikana, na mwili usitoke kabla haujathibitishwa ni wa nani.

Hatua ya 1: Tenga mahali pa familia

Ndani ya saa chache za mwanzo chagua mahali pamoja, upatangaze redioni, misikitini, makanisani na kwa vipaza sauti vya mtaani. Pasiwe eneo la ajali wala mlango wa mochwari. Shule, ukumbi wa kata au madrasa panafaa kuliko hema lililosimikwa juani. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambapo watu 148 waliuawa, familia zilipokelewa Uwanja wa Nyayo, Nairobi, ilhali miili ilihifadhiwa mochwari ya Chiromo. Kutenganisha mahali pa kusubiri na mahali pa maiti ni jambo la kuiga. Mtu anayesubiri kwa matumaini asilazimike kusikia kilio cha aliyekwisha kuthibitishiwa.

Mahitaji yake ni ya kawaida: vyoo vya kutosha, maji, chai na uji, mikeka, mahali pa kuswali na kusali, muuguzi mwenye kipimo cha shinikizo la damu, soketi za kuchajia simu (watu wataishi kwa simu zao), na angalau vyumba viwili vyenye milango inayofungwa. Vyumba hivyo ni vya mahojiano na vya kutoa taarifa za kifo. Getini akae mtu mpole anayeandika wanaoingia na kuwaelekeza waandishi wa habari kwenye eneo lao, mbali na wafiwa.

Kila familia ipewe mtu wake wa kuisindikiza, yule yule leo na kesho. Asiyeyumba katika hili ameshafanya nusu ya kazi, maana kinachomchosha mfiwa kuliko njaa ni kusimulia habari zake upya kwa mtu wa tano.

Hatua ya 2: Fungua daftari moja la wanaotafutwa

Moja tu. Polisi wakiwa na lao, hospitali lao na shule lake, kutwa nzima zitatangazwa hesabu tatu tofauti.

Orodha ya abiria usiitegemee. Spice Islander ilibeba watu wengi mno kupita uwezo wake. Ilipatikana miili 203, na tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake ilibainika kwamba waliopotea bila kuonekana walizidi 1,300. Daftari la kweli hutoka kwa ndugu wanaokuja kusema, “Wetu hajarudi.”

Kwa kila anayetafutwa andika jina la kwenye kitambulisho, jina la nyumbani, jina la ubatizo kama lipo, majina ya baba na mama, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho, simu yake na mara ya mwisho ilipopatikana. Usiruke jina la nyumbani. Mtu mmoja anaweza kuandikishwa na mkewe kwa jina la kazini, na mama yake kwa jina la utotoni, na rafiki kwa lakabu ya kijiweni, ukadhani unatafuta watu watatu. Andika pia nani ameleta taarifa, ana uhusiano gani naye, na familia imemchagua nani wa kupigiwa simu.

Kisha kagua daftari kila baada ya saa chache kwa kuzipigia simu familia. Bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, lilipoungua usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, kesho yake ilitangazwa kwamba watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi walikuwa hai: wapo waliochukuliwa na wazazi usiku ule ule, wapo waliohifadhiwa na majirani wa shule. Waliofariki walikuwa 21. Fikiria mzazi aliyeisikia ile 70 akiwa njiani. Shuleni, kwa hiyo, mtoto asiondoke hata kwa baba yake mzazi bila jina kuandikwa na mchukuaji kutia saini, na mtu mmoja apite nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna mtoto amelala pale.

Hospitalini tuma mjumbe mmoja kwa kila hospitali. Alete majina ya majeruhi asubuhi na jioni, pamoja na maelezo ya wasioweza kuongea. Na usimhamishe mtu kutoka “hajaonekana” kwenda “amefariki” kwa kukisia. Kwenye MV Nyerere, siku ya pili baada ya kuzama, fundi mitambo alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka.

Hatua ya 3: Weka saa za taarifa, uzitimize

Sema mapema: tutazungumza nanyi saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Saa ikifika, simama uzungumze hata kama huna jipya. “Tangu asubuhi hakuna jina lililoongezeka, wazamiaji wamerudi majini, tutaonana saa kumi na mbili” ni taarifa kamili. Ukinyamaza, pengo litajazwa na uvumi kutoka makundi ya WhatsApp.

Familia zisikie kabla ya vyombo vya habari. Kiongozi akija na kamera, mwombe kwa heshima aanze ndani, kamera zikibaki nje. Usitoe ahadi ya tarehe ya kukabidhi miili kwa sababu tu umebanwa. Toa maelezo ya kazi iliyobaki na kwa nini inachukua muda.

Picha za maiti zikianza kusambaa, zungumza na vijana wako waziwazi: simu zikae mfukoni, anayepiga picha ni yule aliyepangiwa tu. Wapo waliojua msiba wao kwa kufungua simu. Ni ukatili, hata kama aliyeituma hakukusudia.

Hatua ya 4: Linda miili tangu pale ilipopatikana

Wengi wanaookoa miili si wataalamu, ni wavuvi na wakazi. Wafundishe mambo machache yanayookoa kila kitu kinachofuata.

Kila mwili upewe namba palepale unapopatikana, kabla ya kupakiwa garini. Namba nzuri ina jina la mahali, herufi ya timu na hesabu, kwa mfano Nungwi-B-012. Iandikwe kwenye kadi iliyofunikwa nailoni isilowe, ifungwe mkononi au mguuni, na nyingine juu ya mfuko. Simu, pete, hirizi, funguo na pochi viwekwe kwenye mfuko wenye namba ile ile na visitenganishwe na mwili. Kabla mwili haujaharibika zaidi, upigwe picha: mwili mzima, uso kwa mbele, nguo, na alama yoyote ya pekee, namba ikionekana katika kila picha. Picha hizi zinabaki kwa wanaofanya utambuzi. Kiungo kilichokatika kipewe namba yake chenyewe. Usiamue wewe kwamba ni cha maiti fulani kwa kuwa kilikuwa karibu.

Baridi inayofaa ni kati ya nyuzi 2 na 4 za Selsiasi. Mochwari ikijaa, tafuta kontena la jokofu, kama yalivyotumika Malindi wakati wa kufukua miili ya Shakahola, msitu wa Kilifi, Kenya, walikozikwa wafuasi wa mhubiri waliokufa kwa kufunga kula. Lisipopatikana, mazishi ya muda ni bora kuliko miili kuoza sakafuni: kina cha angalau mita 1.5, mita 200 kutoka vyanzo vya maji, miili ikilazwa safu moja, kila mmoja na namba yake chini na juu ya ardhi.

Hapa nataka kung'oa imani moja kabisa. Miili ya waliokufa kwa maji, moto, kuporomokewa au ajali ya gari haileti mlipuko wa magonjwa. Aliyekufa kwa Ebola au kipindupindu ana utaratibu wake mkali, na huo ufuatwe. Lakini aliyezama alikuwa mzima asubuhi. Wanaobeba miili wavae glovu na buti, wanawe kwa sabuni, basi. Hofu ya tauni ndiyo inayowafanya viongozi waamuru shimo la pamoja ndani ya saa 24, na baada ya hapo hakuna mama atakayejua mwanawe kalala wapi.

Hatua ya 5: Utambuzi, mahali pa kutokukimbizwa

Desturi yetu ni kuwapanga ndugu mstari, wapite wakiangalia nyuso. Kwa mwili mmoja uliofariki hospitalini jana, hiyo inatosha. Kwa miili mingi, njia hiyo hukosea mara nyingi. Maji huvimbisha uso ukafanana na mwingine wowote, moto hufuta kila kitu. Na mtu aliyekaa siku mbili bila usingizi, akipita mbele ya maiti ya hamsini, anaweza kusema “ndiye” ili tu mateso ya kutafuta yaishe. Nguo nazo huazimwa, hasa mabwenini. Mwili ukichukuliwa na wasio wenyewe, familia mbili zimeumizwa kwa pamoja, na kurekebisha kunataka kufukua kaburi.

Wataalamu wa utambuzi duniani, wakifuata utaratibu wa Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, hutegemea vitu vitatu: alama za vidole, meno na vinasaba (DNA). Kovu, mavazi na vitu vya mfukoni huunga mkono tu. Kazi ya dawati lako ni kukusanya habari za marehemu alipokuwa hai, ili zilinganishwe na zile za mochwari.

Fanyeni mahojiano faraghani, mkiketi, msindikizaji akiwepo. Anza na salamu na pole, kisha eleza kwa nini unauliza. Uliza kuhusu meno: mwanya, lililong'olewa, lililozibwa, la bandia. Uliza mifupa iliyowahi kuvunjika na vyuma vilivyowekwa, makovu ya operesheni, chale, ujauzito, dawa alizokuwa akitumia. Kwa mwanamke, uliza amesukwa mtindo gani na nani kamsuka. Mara nyingi msusi anakumbuka rangi ya rasta na upande ulioanzia kuliko ndugu wote. Omba picha ambayo anacheka meno yakionekana. Picha ya aina hiyo, hata ya simuni kutoka harusini, humsaidia daktari wa meno kulinganisha. Mtu mzima aliyesajiliwa NIDA (mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania), au mwenye kitambulisho cha Kenya, alama zake za vidole tayari zipo serikalini, kwa hiyo ile namba ya kitambulisho ni dhahabu.

Vinasaba huchukuliwa kwa kusugua kijiti cha pamba ndani ya shavu. Hakuna sindano, waambie hivyo mapema. Wanaofaa zaidi ni baba na mama wa marehemu, au watoto wake. Ndugu wa tumbo moja husaidia, ila wakiwa wengi ndiyo bora. Mume au mke hatoshi, kwa kuwa hana damu moja na marehemu, ingawa sampuli yake husaidia kuisoma ile ya watoto wao. Familia nzima ikiwa imeteketea, tafuta mswaki, kitana au wembe aliotumia marehemu, na muache mwenyewe wa maabara aufungashe.

Kuna jambo halisemwi sana, nalo lisemwe. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha kwamba baba aliyelea siye aliyezaa. Jibu la kwamba mwili ni wa fulani ndilo linalotolewa, mengine yote yabaki maabara. Usisome matokeo mbele ya ukoo. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na usiri huu si hiari ya mtu.

Mtaulizwa: “Hadi lini?” Jibuni kwa mifano ya kweli. Endarasha wazazi walisubiri majibu ya vinasaba kabla ya kuwazika watoto. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ilikuwa na watu 157, Wakenya 32 wakiwa kundi kubwa kuliko la taifa lolote. Familia zilipewa kwanza udongo wa eneo la ajali, na mabaki ya wapendwa wao yakaanza kukabidhiwa Oktoba.

Hatua ya 6: Kutoa taarifa ya kifo

Waende wawili: mmoja wa kusema, mwingine wa kuangalia hali za watu. Msindikizaji wa familia awe mmoja wao. Chumba kifungwe, simu zizimwe, watu waketi. Muuguzi awe jirani kama kuna mjamzito au mgonjwa wa moyo. Mila nyingi hutaka wazee waambiwe kwanza. Heshimu, lakini mama mzazi na mke wasiachwe nje wakisikia kwa kilio cha wengine.

Sema kwa ufupi. “Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mimi ni Rehema wa dawati la familia. Nimewaletea habari nzito. Yusufu amefariki. Mwili wake umethibitishwa jana jioni kwa alama za vidole.” Kisha nyamaza. Usizungushe maneno hadi mtu abaki akiuliza kama mwanawe yuko wodini. Usikimbilie kuhubiri pia. Wao wakisema ni mapenzi ya Mungu, itikia, usiwatangulie kulisema.

Swali litakalokuja ni kama aliteseka. Jibu lile tu ambalo daktari amekuthibitishia. Kama halijulikani, sema halijulikani, na uahidi kumleta daktari, kisha umlete.

Wanaotaka kuuona mwili waelezwe kwanza watakachokiona. Ukiwa umeharibika, mara nyingine inawezekana kuonyeshwa mkono tu, au kuketi kando ya mwili uliofunikwa. Uamuzi ni wao. Na pale miili ilipokatika vipande, waulize na waandike: yakipatikana mabaki mengine yake baadaye, wapigiwe kila mara, au wasubiri yote yakamilike? Ni swali gumu kuliuliza, lakini kumpigia mtu simu ya ghafla miezi mitatu baada ya mazishi ni vibaya zaidi.

Hatua ya 7: Kukabidhi mwili na kuzika

Kabla ya gari kuondoka, linganisha namba ya mwili, ya jeneza na ya karatasi mbele ya familia. Wakabidhi kibali cha mazishi, mifuko ya vitu vya marehemu, na maelekezo ya cheti cha kifo, iwe RITA (wakala wa usajili wa Tanzania) au ofisi ya usajili ya Kenya. Nguo usizifue bila kuuliza. Wapo wanaotaka harufu ile ibaki. Ukisikia mvutano kati ya mke na wakwe kuhusu pa kuzika, waite wazee na viongozi wa dini kabla jeneza halijafika barabarani.

Kwa Waislamu, kungoja ni kugumu kwa kuwa sunna ni kuharakisha. Washirikishe masheikh tangu siku ya kwanza ili wao wenyewe waeleze watu sababu ya kusubiri. Mwili usioweza kuoshwa hutayamamiwa, yaani hutwaharishwa kwa udongo safi badala ya maji, na nafasi ya sanda itengwe hapo hapo mochwari.

Wasiotambuliwa kabisa wazikwe kwa heshima, kila mmoja kaburi lake na namba yake, baada ya sampuli kuchukuliwa. Waliozikwa Igoma, Mwanza, baada ya MV Bukoba, na Bwisya kisiwani Ukara baada ya MV Nyerere, bado wana ndugu wanaowakumbuka. Kaburi lenye namba linaweza kupata jina lake hata baada ya miaka.

Hatua ya 8: Wale ambao mwili haukupatikana

Hawa ndio husahaulika. Matanga hayaanuliwi vizuri, mjane haruhusiwi kuitwa mjane, benki na mfuko wa pensheni wanataka cheti. Sheria ya ushahidi ya Kenya humdhania mtu amekufa akikosa kusikika kwa miaka 7, lakini ushahidi wa ajali yenyewe unaweza kutumika mahakamani mapema zaidi. Ndiyo maana daftari lako, maelezo ya walioiona safari ikianza na ripoti ya tume ni karatasi za kutunzwa. Mtafutie familia mwanasheria wa msaada, na uwaonye wasisaini karatasi yoyote ya kuachia madai katika wiki za msiba.

Dini na mila zina njia. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, walio wengi pwani, humswalia asiyekuwepo swala ya ghaibu. Wajaluo huzika tunda la mwegea, yago, badala ya mwili. Wasaidie kufanya wanalolitaka, na usiwaharakishe wasiokuwa tayari.

Hatua ya 9: Fedha, walezi na kufunga dawati

Rambirambi ziingie akaunti moja iliyotangazwa, watia saini wasiwe wa dawati, na hesabu zibandikwe ukutani. Yatima waorodheshwe na shule wanazosoma, maana ada ya muhula ujao inakuja kabla machozi hayajakauka.

Watu wako wa kujitolea, hasa waliobeba miili na waliotoa taarifa za kifo, wapumzishwe kwa zamu na wakutane kuongea kabla ya kurudi nyumbani. Asiyelala au asiyekula wiki kadhaa baadaye apelekwe kwa mshauri nasaha. Vijana wa umri wa marehemu usiwapange mochwari kabisa.

Siku ya kufunga, daftari lote likabidhiwe kwa maandishi ofisi ya mkuu wa wilaya au kaunti, nakala ibaki polisi. Namba ya simu ya dawati isifungwe. Miili ya Shakahola ilianza kufukuliwa Aprili 2023, na ya kwanza ilikabidhiwa kwa ndugu Machi 2024. Kwa hiyo laini iwe na mtu anayejulikana kwa jina, mwenye nakala ya daftari, kwa muda usiopungua mwaka mmoja na nusu.